Mwalimu wa Kasida Habadilishwi Kama Shati

Wazazi wetu,

Sisi vijana wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura, tuna neno. Mzazi akisikia kwamba watoto wa ustadhi wa mtaa wa pili waling'ara kwenye Maulidi, kesho yake mwanawe kahamishwa. Hata hakuulizwa.

Kila mwalimu ana mahadhi yake na mapigo yake ya dufu. Anayehamishwa huanza upya, na safu aliyoiacha hubaki na pengo. Mwisho mtoto huliacha dufu, na madrasa pia. Hasara ya nani?

Mtasema mtoto habishani na mzazi. Kweli, utiifu ni wajibu. Lakini kusema kwa adabu si uasi. Katika Suratu Maryam, aya ya 42 hadi 45, Nabii Ibrahim (a.s.) anampinga babake katika jambo zito kuliko hili, na mara nne anamwita baba yangu.

Mwalimu akiwa mkatili, tuhamisheni leo hii. Ikiwa ni sifa za Maulidi tu, tuulizeni kwanza, nasi tutajibu kwa heshima.