Mambo ya Nyumba Si Siri ya Bwana

Kila mara wasichana wa masomo wanapopanda jukwaani kucheza teatre juu ya maisha ya mama nyumbani, hapakosi mutu mukubwa wa kusimama na kusema: "Hii si desturi yetu. Mambo ya nyumba hayatoki inje. Ni mambo ya Wazungu haya!" Watu wanapiga mikono, na mchezo unafia pale. Sisi tunaopenda desturi tunapaswa kumujibu, kwa sababu katika maneno yake muna uongo mara tatu.

Uongo wa kwanza ni kusema kwamba wankambo hawakucheza mambo ya nyumba. Tuangalie Babemba, ambao jamaa nyingi za Katanga ya kusini zina undugu nao. Katika kisungu, wamama wanafundisha binti kwa nyimbo, kwa ngoma, kwa kuigiza, na kwa sanamu za udongo zinazoitwa mbusa. Pale wanaonyesha kazi za bibi, lakini wanaonyesha vilevile mapashwa ya bwana, na bwana mvivu anachekwa. Watungaji ni wanawake, wachezaji ni wanawake. Kama ile si teatre, basi ni nini?

Uongo wa pili ni ule wa mama wa kukaa tu nyumbani, anayengojea feza ya bwana. Eti ni mila! Katika vijiji vyetu mama alikuwa na shamba lake, na chakula cha jamaa kilitoka katika mikono yake. Huyu mama wa kungojea tulimupata katika kambi za Union Minière. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilitaka watumikaji wakae sana kazini; ikawaruhusu kuleta bibi na watoto, ikagawa posho kwa hesabu ya jamaa, na baadaye ikafungua nyumba za kufundishia wamama kushona, kupiga pasi na kupanga meza. Posho ilipita kwa kazi ya bwana. Leo tunaita mambo ya kampuni "mila ya wankambo"! Na Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, nani alilisha nyumba? Ni mama, na beseni lake la unga na makala yake sokoni.

Uongo wa tatu ni kusema kwamba shida yenyewe ni ya Ulaya. Katika mchezo wa Ibsen wa mwaka 1879, Nora anakopa feza kwa siri ili amuponyeshe bwana wake, kwani sheria haikumuruhusu kukopa bila ruhusa ya bwana. Anaiga saini ya baba yake, na taabu yote inatokea pale. Mambo ya mbali? Sheria yetu ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema bwana ni kichwa cha nyumba na bibi anapaswa kumutii. Tena, bibi aliyetaka kufanya mapatano mbele ya sheria alipaswa kupata ruhusa ya bwana. Ile ruhusa iliondolewa mwaka 2016 tu! Miaka 29, Nora aliishi kwetu, akipika bukari. Na hata leo sheria inasema bado kwamba bwana ndiye kichwa cha nyumba.

Mutu atasema: lakini teatre yetu inaonyesha nyumba siku zote. Kweli kabisa. Kundi la Mufwankolo limetuchekesha miaka mingi, kwa redio na televizio, na mambo ya bwana na bibi, katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Ni hazina yetu, na hakuna aliyelalamika kwamba siri zinatolewa inje. Sasa mutujibu: kwa nini mwanaume akiongoza mchezo, nyumba ni kichekesho, na mwanamke akiutunga, nyumba inageuka siri?

Siri ile inamulinda nani? Haimulindi mama anayelala wa mwisho na kuamuka wa kwanza. Inamulinda yule asiyetaka kujiona jukwaani.

Tunaomba jambo moja kwa wakubwa wa masomo na wa vikundi vya utamaduni: muache wasichana watunge wenyewe, wacheze mpaka mwisho, kisha tubishane. Bwana aliye mwema hataogopa mchezo. Na kama anaogopa, basi mchezo umesema kweli.