Dawa ya Mwanga na Kidonda Kilichochelewa

Ipo dawa ya kupaka ambayo haifanyi kazi gizani. Mgonjwa hupakwa dawa hiyo kwenye ngozi, hungoja, kisha humulikwa taa. Mwanga ndio unaoiamsha dawa. Katika nchi za Ulaya na Marekani madaktari huitumia kutibu mabaka ya ngozi yanayoelekea kuwa saratani. Huitumia pia kutibu saratani fulani za ngozi ambazo bado ziko juu juu. Saratani ndiyo hiyo watu wengi wanaiita kansa.

Habari kama hii ikipita kwa maneno ya mdomo hufika imebadilika. Mtu anaweza kusikia kwamba jua linatibu kansa. Akiamini hivyo, atajipaka mafuta yoyote na kukaa juani, naye atajiumiza. Kwa hiyo tuieleze sawasawa.

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Dawa hii ikipakwa huingia ndani ya chembe za ngozi. Humo mwili wenyewe huigeuza kuwa kitu kingine, kinachonasa mwanga. Chembe zenye ugonjwa hukusanya kitu hicho kwa wingi kuliko chembe nzima. Baada ya saa tatu hivi mgonjwa humulikwa taa nyekundu kwa dakika chache. Mwanga ukikipiga kitu hicho, hewa ya oksijeni iliyomo mwilini hugeuka kuwa kali na kuziua chembe zile mbovu. Mgonjwa huhisi ngozi inaungua. Maumivu yapo, tusidanganyane. Ngozi huwa nyekundu, hutoka magamba, halafu hupona.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1900 huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi mmoja aitwaye Oscar Raab aliandika alichokiona. Aliweka vijidudu vya majini katika maji yenye rangi fulani. Penye mwanga walikufa upesi, gizani hawakufa hivyo. Mwaka 1990 Kennedy na Pottier wa Kanada walieleza dawa ya kupaka juu ya ngozi. Mwaka 1999 Marekani iliruhusu dawa ya namna hiyo itumike kwa wagonjwa.

Ziko pia nchi ambako mgonjwa hupakwa dawa akaenda kukaa nje kwa saa mbili mchana, badala ya kumulikwa taa. Huko ndiko yanakoweza kutoka maneno ya jua kutibu. Lakini daktari ndiye anayechagua mgonjwa, dawa na muda. Bila dawa ile, jua ni jua tu.

Sasa nisemalo ni hili. Mwanga wa taa ile hauendi mbali ndani ya nyama. Unapenya kama unene wa sarafu moja au mbili. Ugonjwa ukishazama kupita hapo, dawa hii haiufikii. Basi hata kama kesho taa hizo zingewekwa katika kila wilaya, zingewafaa wale tu waliokuja mapema. Na sisi vijijini tunakuja tumechelewa.

Wanaoumia zaidi ni ndugu zetu wenye ualbino. Rangi ya ngozi ni kama mwavuli, nao hawana mwavuli huo. Jua la shambani huwachoma tangu utotoni. Kwanza hutokea baka dogo, kavu, lenye kukwaruza mkononi kama msasa. Haliumi. Kwa sababu haliumi, hakuna anayelijali. Baadaye huwa kidonda, na watu husema ni kidonda ndugu, au amerogwa. Majani hubandikwa, miezi hupita. Kijana hajatimiza hata miaka 30, kumbe saratani imeshaingia shingoni au sikioni.

Baka hilo kavu hutibika hapa hapa Tanzania, bila kungoja taa kutoka ng'ambo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Mabaka huchomwa kwa naitrojeni ya majimaji, ambayo ni baridi kupita barafu. Hapo hapo Moshi hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Sisemi tusiitake dawa ya mwanga. Brazili ilitengeneza taa zake yenyewe katika mji wa São Carlos, na wataalamu wetu nao wanaweza kufika huko. Ila nakataa tukae tukingoja.

Kazi ya kwanza iko nyumbani. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na shati la mikono mirefu, na shuleni asipigishwe mstari juani. Mkubwa alime alfajiri na jioni. Mchana apewe kazi ya kivulini, wala asiitwe mvivu. Watu wa nyumbani wamtazame ngozi kila mwezi: uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Mgongo wa sikio hauoni mwenyewe.

Baka likionekana, au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, aende zahanati. Mganga wa zahanati naye asimpe dawa ya kupaka na kumrudisha nyumbani mara tatu, nne. Ampe barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Hapo ndipo penye kikwazo kikubwa, nacho ni nauli. Kwa mazishi tunachanga siku hiyo hiyo, tena bila kusukumwa. Serikali ya kijiji ikiweka ajenda hii katika mkutano ujao, nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi, pamoja na wa kumsindikiza, inaweza kupatikana kabla ya mkutano kufungwa. Majina ya wenye ualbino yanajulikana. Kaya zao zinajulikana. Aanze kupelekwa yule mwenye baka dogo ambalo haliumi.