TWILIGHT KWA BINTI WA MIAKA 12? NAKATAA, NA SABABU SIO DAMU

Wadau, ule mjadala wa vitabu vya mapenzi ya vampaya umerudi tena kwenye magrupu, na kama kawaida watu wamegawana. Kuna akina mama wanaosema vitabu hivi vinaingiza mapepo ndani ya nyumba. Kuna madada wa mjini wanaojibu, "Ni stori tu, mwacheni mtoto asome." Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia.

Tuanze na akina mama. Damu na meno havimharibu mtoto. Sisi tumekua tunatishwa na mumiani, na mbona tuko wazima? Mtoto wa miaka 12 anajua fika vampaya hayupo. Atakachobeba kwenda nacho ukubwani ni picha ya mwanaume anayejua kupenda. Hapo ndipo penye tatizo.

Kwa ambao hamjasoma: Stephenie Meyer wa Marekani alitoa vitabu vinne vya Twilight kati ya 2005 na 2008. Bella, miaka 17, anahamia mji mdogo wa Forks na kumpenda Edward, anayesoma naye shule moja. Edward aligeuzwa vampaya mwaka 1918 akiwa na miaka 17, kwa hiyo sura ni ya kijana ila umri umeshapita 100. Huku kwetu mtu mzima anayewinda wanafunzi tunamwita fataki. Huyu kapewa sura nzuri na Volvo, basi kawa mume wa ndoto.

Sasa angalieni anachofanya. Usiku anaingia chumbani kwa Bella bila ruhusa na kumwangalia akiwa amelala, tena usiku mwingi tu. Kwa Kiswahili chetu huyo ni mpiga chabo. Bella akigundua, anajisikia kupendwa! Kwenye kitabu cha tatu, Edward hataki Bella aende kwa rafiki yake Jacob. Anafanya nini? Anachomoa kifaa kwenye injini ya pikapu ya Bella ili isiwake. Halafu anamhonga dada yake Porsche ili amlinde Bella asitoke. Yaani msichana anafungiwa, na msomaji anategemewa aseme "aaaw".

Kuna na kitabu cha pili. Edward anamwacha, Bella anazimika kabisa. Miezi inapita na kurasa zake hazina kitu zaidi ya jina la mwezi. Baadaye anaanza kutafuta hatari makusudi, mpaka anaruka toka kwenye jabali kuingia baharini, kwa sababu akiwa hatarini anaisikia sauti ya jamaa kichwani. Jamani, mpe hiyo binti wa miaka 12 ambaye ndio kwanza ameachwa na kijana wa darasa la pili yake, halafu uniambie ni stori tu.

Najua watakaonijibu: "Lakini walisubiri mpaka ndoa." Kweli, walisubiri, na wazazi wengi wa dini walivipenda vitabu hivi kwa sababu hiyo hiyo. Ila nani aliamua? Edward. Bella alitaka lingine, ndoa yenyewe ilikuwa inamtisha, akakubali kwa masharti ya jamaa. Fungate likaja, asubuhi akaamka ana michubuko mwilini. Edward alijuta, sawa. Lakini anayebembeleza ni nani? Ni Bella mwenye michubuko, anamwambia mume asijisikie vibaya. Hilo somo dada zetu wengi walishalipata bila kusoma kitabu.

Na Jacob msimlete hapa kama mtetezi. Kitabu cha nne kinaisha amefungika moyo na mtoto mchanga wa Bella, tunaambiwa ndio mwenzi wake wa maisha. Tuendelee.

Mwaka 2009 vitabu hivi vilikuwa kwenye orodha ya 10 vilivyolalamikiwa zaidi kwenye maktaba za Marekani. Sababu zilizoandikwa? Dini, ngono na umri. Injini iliyochomolewa haikutajwa. Watu wazima walikuwa bize na meno.

Kwetu hapa ndio hatari zaidi, maana tayari tuna msemo kwamba wivu ni dalili ya mapenzi. Binti anakagulia simu, anapangiwa marafiki, anaulizwa "uko wapi, piga video nione", na mashoga zake wanamwambia ana bahati. Twilight haikuanzisha hayo. Inayapaka marashi tu.

Sisemi tuchome vitabu. Binti wa miaka 16 asome, tena akimaliza mpe swali moja: mvue Edward uzuri, mnyang'anye Volvo, muweke awe jirani yako wa kawaida anayeingia dirishani usiku. Bado unampenda, au unapiga kelele za mwizi? Akicheka, ameelewa. Akisema "bado", kaeni chini muongee, na usimgombeze. Wa miaka 12 asubiri. Bado hajajua mapenzi ya kawaida yanafananaje, tusimuanzishie na jela yenye maua.

Haya, Team Edward, uwanja ni wenu huko chini. Matusi pembeni, hoja mezani. Mngekubali dada yenu mdogo aolewe na huyu kaka?