Waendesha baiskeli na upepo wa kipupwe: Koti zito si kinga



Ndugu msomaji, kila inapofika Juni watu wa Dodoma hutoa makoti sandukuni. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti joto la alfajiri hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Kwa aliye chini ya blanketi hilo si jambo la kutisha. Lakini kwa anayepanda baiskeli kutoka Veyula, Ihumwa au Nkuhungu kuwahi soko, kazi au Swala ya Alfajiri, habari ni nyingine, kwani juu ya baridi hiyo kuna upepo wa kusi unaovuma katika uwanda usio na miti ya kuuzuia. Ndugu zetu wa Pwani waliohamia huku tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuwa inakuja Dodoma wanalijua vizuri jambo hili.

Maoni yangu ni kwamba familia nyingi zinanunua kinga isiyofaa. Tunakimbilia koti zito la mtumba, lililoshonwa kwa ajili ya mtu anayesimama kwenye theluji ya Ulaya, tunamvalisha mtu anayekanyaga pedali. Anachohitaji mwendesha baiskeli ni kizibao chepesi kinachozuia upepo kifuani na kuruhusu jasho kutoka mgongoni.

Sababu yake ni hii. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye joto. Upepo ukivuma hulipeperusha, na mwenye baiskeli huongeza upepo wake mwenyewe. Akienda kilomita 15 kwa saa huku upepo wa mbele nao ukivuma kilomita 15 kwa saa, kifua chake kinapigwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa. Wakati huo huo miguu inayofanya kazi inazalisha joto jingi. Aliyevaa koti zito, baada ya dakika chache, ameshaanza kutoka jasho lisilo na pa kutokea. Akifika msikitini akalivua, shati limelowa, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndipo utamwona anatetemeka katika safu mpaka imamu anatoa salamu, kisha anasema Dodoma ina baridi kali. Kumbe kilichomtetemesha ni jasho la koti lake.

Hapa ni vyema tuondoe dhana moja. Nimonia huletwa na vijidudu, si upepo peke yake. Mtoto anayepumua haraka haraka, ambaye mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, asirundikiwe nguo na kupakwa mafuta kifuani akisubiriwa apate nafuu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na mwenye pumu ajue kuwa kizibao hakilindi mapafu yake. Hewa ya baridi na kavu pamoja na vumbi humbana kifua, kwa hiyo afunike pua na mdomo kwa skafu, na dawa yake ya kuvuta awe nayo mfukoni.

Wapo hata hivyo ambao kwao upepo wenyewe ni hatari. Hao ni wagonjwa wa selimundu. Nchini kwetu inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Ngozi ikipoa ghafla mishipa ya damu husinyaa, damu hupita polepole, na chembe zilizojikunja kama mundu hunasa na kuziba njia. Matokeo yake ni yale maumivu ya mifupa yanayomliza hata mtu mzima. Mwaka 2005 watafiti wa hospitali ya King's College ya London walichapisha matokeo yao: siku zenye upepo mkali na hewa kavu ziliendana na ongezeko la wagonjwa wa selimundu waliolazwa kwa maumivu. Upepo mkali na hewa kavu! Huo ndio msimu wa kiangazi wa Dodoma na Singida.

Basi fikiria mtoto mwenye selimundu anayepakiwa kwenye bomba la baiskeli, mbele ya baba yake, kupelekwa madrasa asubuhi. Baba anakanyaga na kupata joto. Mtoto amekaa tu, na ndiye ngao ya baba dhidi ya upepo. Kwa maoni yangu, ikiwa fedha ya nyumba inatosha kizibao kimoja tu, kiwe cha mtoto huyu, tena avae sweta ndani yake, soksi na kofia, na akae nyuma ya mkubwa wake. Kizibao hakichukui nafasi ya maji ya kunywa ya kutosha, dawa zake na kliniki yake. Akipata homa, maumivu ya kifua au akapumua kwa shida, awahishwe hospitali. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kuwa tiba imesogea karibu. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma imepandikiza uloto kwa watoto wenye ugonjwa huu.

Sasa tuingie sokoni. Unapochambua mitumba, angalia haya:

Kwanza, weka kitambaa cha mbele mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo nao utapita.

Pili, kisiwe nailoni inayoziba kila kitu kama turubai. Kiweke juu ya kikombe cha maji ya moto, kisha shika kioo kikavu juu yake. Kioo kikipata ukungu, mvuke unapita, na jasho litapita. Vitambaa vya aina hii vina vitundu vidogo mno, vinavyokataa upepo na matone ya maji lakini vinaruhusu mvuke. Maarufu kati yake kilitokana na ugunduzi wa Bob Gore wa Marekani mwaka 1969. Lakini si lazima utafute jina kubwa. Kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana sana mbele, na wavu mgongoni, kinatosha.

Tatu, zipu iwe ya mpaka chini, ili ukipanda mlima uifungue na ukiteremka uifunge. Shingo iwe ndefu kidogo. Kisiwe kipana cha kupepea kama bendera.

Nne, mgongo uwe mrefu. Anayeinama kwenye usukani shati humpanda, na sehemu ya chini ya kiuno hubaki wazi. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, kwa hiyo hili si la baridi tu, ni la sitara pia. Dada zetu nao wakivae juu ya vazi la sitara, si badala yake.

Tano, chagua rangi inayoonekana, chenye utepe unaong'aa kwa taa ikiwezekana. Alfajiri bado ni giza na malori ya barabara kuu hayana subira.

Ndani yake vaa fulana nyepesi, na ukifika badilisha iliyolowa. Kizibao kifuliwe kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo kwani huziba vitundu, na kisipigwe pasi ya moto.

Wapo wanaoweka gazeti kifuani chini ya shati. Hata washindani wa Tour de France walifanya hivyo zamani walipoteremka milima, na kweli linazuia upepo. Lakini gazeti kama hili, lenye majina ya Allah na aya Zake, halifai kulowa jasho kisha likatupwa jalalani. Tafuta jingine.

Wapo pia wanaosema hizo ni nguo za wanamichezo wa kizungu. Jibu ni kwamba wazee wetu walivaa kizibao juu ya kanzu kabla hatujazaliwa. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu ametaja joto tunalolipata kutokana na wanyama (aya ya 5), na mavazi ya kutukinga (aya ya 81), kuwa ni katika neema Zake kwetu. Neema hutumiwa kwa akili. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kutimiza udhu wakati wa tabu na kukithirisha hatua za kwenda misikitini hufuta makosa. Anayejikinga na upepo ili asiiache jamaa ya Alfajiri kipupwe kizima hajadekeza mwili wake. Ameusaidia kufanya ibada.

Wabillahi tawfiiq.