Springi Haibanwi kwa Ujasiri

Gereji za jua kali zikitajwa, mazungumzo huishia kwenye mikopo, vibanda na leseni za kaunti. Ni nadra mtu kuuliza fundi ameshika nini mkononi. Maoni yangu ni kwamba gereji za Thika na Ruiru hazipungukiwi na akili wala bidii. Zinapungukiwa na vifaa vichache vya mkono ambavyo akili na bidii haziwezi kuziba pengo lake, na kinachoongoza orodha hiyo ni kifaa cha kubania springi. Tena, kifaa hicho hakifai kuachiwa kila fundi ajinunulie peke yake. Kinafaa kuwa mali ya pamoja, kifungwe kwa bolti mahali pamoja katika kila uwanja wa gereji, na anayekihitaji akifuate hapo.

Mahitaji yapo wazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, imewavuta huku watu wengi wanaofanya kazi Nairobi na kurudi jioni. Magari yao mengi ni mitumba ya Japani, ambayo kanuni inayaruhusu kuingia nchini yakiwa na umri usiozidi miaka 8. Yakitoka kwenye lami na kuingia mitaani kwenye mashimo na matuta, miguu ya mbele ndiyo inayolia kwanza. Katika magari madogo kama Vitz, Fielder na Probox, springi na shokabzoba ya mbele huunda mguu mmoja: springi huizunguka shokabzoba, ikabanwa kati ya sahani ya chini na kifuniko cha juu, na kinachoizuia isifyatuke ni nati moja iliyo katikati ya kifuniko hicho. Shokabzoba haibadilishwi bila kufungua nati hiyo. Ikifunguliwa springi ikiwa bado inasukuma, nguvu yote hutoka kwa mpigo mmoja.

Nguvu hiyo si ya kukisia. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipigia hesabu. Chukua springi inayohitaji newtoni 25 ili ibanwe milimita 1. Ikibanwa milimita 100 itasukuma kwa newtoni 2,500, yaani karibu uzito wa kilo 250, na itakuwa imehifadhi joule 125. Hiyo ni sawa na mfuko wa simiti wa kilo 50 kuangukia mkono kutoka kimo cha sentimita 25. Ukiibana milimita 200, nguvu ya kusukuma huongezeka mara mbili, lakini nishati iliyohifadhiwa huongezeka mara nne: sasa ni kama mfuko uleule umeanguka kutoka mita 1. Hapa ndipo mazoea humponza fundi. Aliyezoea springi ya gari dogo akikutana na ndefu ya vani hudhani hatari imepanda kidogo, kumbe imepanda maradufu na zaidi, na jicho halina namna ya kuiona tofauti hiyo.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Kile cha kawaida ni bolti mbili ndefu, kila moja ikiwa na ndoano juu na chini. Ndoano hunasa mizunguko ya springi pande mbili zinazotazamana, kisha fundi hukaza upande huu mizunguko michache, akahamia wa pili, akarudi wa kwanza, ili springi isipinde. Ikishajitenga na kifuniko na kuanza kucheza akiitikisa kwa mkono, ndipo nati ya katikati inapoguswa, wala si kabla. Asiye na kifaa hiki hutafuta njia nyingine: springi hufungwa kwa waya au mkanda uzito wa gari ukiwa bado umeikalia, halafu gari huinuliwa kwa jeki na mguu kutolewa. Waya haukazwi kidogo kidogo wala haulegezwi kidogo kidogo. Huwa umeshika au umekatika. Kanuni ya kuibana springi kwa kifaa chake kabla ya kufungua haihusu magari madogo peke yake. Uingereza, ambako wapo watu wanaofungua nyumbani bunduki za upepo zinazoendeshwa kwa springi, kifaa cha kubania springi ndicho wanachohimizwa kuwa nacho kabla ya kugusa bisibisi. Malori na mabasi nayo yana mikebe ya breki ambamo springi ya kuegeshea husukuma kwa zaidi ya uzito wa kilo 500, na watengenezaji huweka ubavuni mwa mkebe bolti maalumu ya kuifunga springi kabla ya mkebe kufunguliwa. Bolti hiyo ikipotea, hakuna spana inayochukua nafasi yake.

Pingamizi la kwanza ni la wakongwe: tumefanya hivi miaka mingi na vidole vyetu vipo. Hoja hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa, maana ufundi wa jua kali umejengwa juu ya kubuni njia pale pasipo na vifaa, na nchi nzima imefaidika nao. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ilikuwa miongoni mwa za kwanza kueleza kuwa watu hawa ni wazalishaji, si wazururaji. Hata hivyo, ushahidi wa waliosalimika una kasoro, kwa kuwa aliyeumia na kuacha kazi hayupo uwanjani kusimulia. Isitoshe, ustadi unafaa pale kosa linapomwachia fundi nafasi ya kulirekebisha. Mlio wa injini unakuonya mapema, bolti inayokaribia kuharibika uzi unaisikia mkononi. Springi haionyi. Katika kazi ya namna hiyo, fundi wa miaka 20 na mwanafunzi wa wiki ya pili wana kinga sawa mbele ya waya uliochoka, na kwa kawaida anayetumwa kushikilia ni mwanafunzi.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Vifaa vya ndoano si ghali. Jozi ya bei nafuu haifikii bei ya betri mpya ya gari dogo. Lakini hapo pana mtego, kwa sababu jozi ya bei nafuu nayo inaweza kuua: uzi wa bolti hulika, ndoano huteleza, na fundi huwa anaiamini kuliko alivyouamini waya. Kinachotegemeka zaidi ni kile cha kusimama chenyewe, kilichofungwa sakafuni au ukutani, chenye kizimba cha chuma cha kuzuia springi ikifyatuka. Bei yake ni mara nyingi ya ile ya ndoano, na fundi anayekihitaji mara chache kwa mwezi hawezi kuirudisha. Mafundi 30 wa uwanja mmoja wanaweza. Tena kazi yenyewe inajigawa vizuri, kwa kuwa kuutoa mguu mzima kwenye gari ukiwa umefungwa hakuhitaji kubana springi. Hatari huanza pale nati ya juu inapofunguliwa. Basi fundi autoe mguu kwenye gari lake, aubebe hatua chache hadi kwenye kizimba, alipe ada ndogo, abadilishe, arudi. Wapo watakaouliza kwa nini mteja asinunue mguu mzima wa mtumba uliokwisha kuunganishwa. Anaweza, ila atakuwa amelipia shokabzoba iliyokwisha kutumika asiyojua imebakisha nini, wakati pesa zake zingetosha mpya ya kuingiza kwenye springi yake iliyo nzima.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: vitu vya pamoja huharibika, na serikali ilishajaribu. Ni kweli. Chini ya mpango wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009, vituo vya viwanda vilijengwa katika maeneobunge, na vingi vilikaa miaka bila kazi. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa kuanza na jengo na kumtarajia fundi ahame alipo. Ninachopendekeza kinaanza na kifaa kimoja, mahali ambapo mafundi tayari wapo, iwe ni uwanja wa jua kali mjini Thika au safu za gereji za Kamakis, Ruiru. Kilichofungwa sakafuni hakiazimwi kikapotea, wala hakibebwi usiku na mtu mmoja. Kinahitaji msimamizi mmoja anayelipwa kutokana na ada, daftari, na sheria kwamba bolti zikilika kifaa hufungwa hadi zibadilishwe. Miji hii ina vyama vya akiba vinavyosimamia fedha nyingi kuliko hizo kwa daftari na uaminifu. Kikishazoeleka, kikundi kitaongeza vingine vyenye mantiki ileile: stendi imara za kuegemezea gari, spana inayopima nguvu ya kukaza, vaisi kubwa.

Wengine watasema sheria inatosha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali pa kazi kwa jumla, na ya Fidia kwa Majeraha Kazini ilipitishwa mwaka huohuo. Lakini sheria ya fidia humtafuta mwajiri, na fundi anayejiajiri hana mwajiri mwingine ila yeye mwenyewe. Akipoteza jicho, gharama ni ya nyumba yake. Mkaguzi naye akifunga gereji zisizo na kifaa, kazi itahamia kando ya barabara, gizani, kwa waya uleule. Adhabu ina maana pale tu ambapo njia halali ipo karibu na inalipika.

Kwa hiyo Kaunti ya Kiambu, inayokusanya ada za leseni kutoka gereji hizi kila mwaka, irudishe sehemu yake kama kizimba kimoja cha kubania springi katika kila uwanja wenye kikundi kilichosajiliwa. Kikundi nacho kichangie sehemu ya bei, kwa maana asiyechangia hatalinda. Mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), inayompa cheti hata aliyejifunzia gereji, imtake kila mtahiniwa wa makanika aonyeshe jinsi ya kubana springi na kuilegeza. Na mteja, kabla ya kukubaliana bei ya shokabzoba, aulize springi itabanwa kwa kitu gani. Akijibiwa kuwa ni kwa waya, apeleke gari lake kwenye uwanja wenye kizimba, hata ikiwa bei ya huko imezidi kidogo, kwa sababu ziada hiyo ndiyo itakayowashawishi mafundi waliobaki nyuma kujiunga.