Doa kwenye sketi si kosa la binti

Tarehe 14 Februari 2023, Seneta Gloria Orwoba aliingia Seneti ya Kenya akiwa amevaa suti nyeupe yenye doa jekundu kama la damu ya hedhi. Wenzake walilalamikia mavazi yake, na Spika Amason Kingi akamtaka atoke akabadilishe nguo. Orwoba alieleza kuwa aliliona doa kabla ya kuingia, akaamua kutorudi nyuma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Buganguzi, wilayani Muleba, na habari ile iliniingia moyoni. Mama akileta kitambaa cha sketi ya shule, hunong'ona: tafadhali fundi, iwe pana, isishike mwili. Najua anachokihofia. Nawaona mabinti wakipita na sweta wamelifunga kiunoni, jua linawaka. Seneta ana nguo nyingine ya kubadilisha. Binti wa darasa la saba mara nyingi ana sketi moja tu, na wavulana wa kumcheka ni darasa zima.

Mwaka 2018 serikali yetu ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 ikairudisha, kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Kama wafanyabiashara waliutia unafuu ule mfukoni, wa kubanwa walikuwa wao, si binti.

Waheshimiwa wabunge, iondoeni kodi hiyo tena na msimamie bei. Nanyi walimu wakuu wa huku kwetu, wekeni sketi za akiba kwa mwalimu wa kike. Leteni kitambaa, nitazishona bure.