Mkojo Unaochoma Si Ushahidi wa Uzinzi

Kuna magonjwa ambayo watu wanayasema wazi. Mtu mwenye malaria anasema, "Nina malaria," na jirani wanamletea uji. Lakini mtu ambaye mkojo wake unamchoma ananyamaza. Kama ni mwanamke, ananyamaza zaidi. Anamwogopa mume, anamwogopa mama mkwe, anatuogopa hata sisi wauguzi. Leo nataka kusema juu ya ugonjwa huu, na ninatoa mawazo yangu tangu mwanzo: katika nyumba zetu tunahukumu kwanza, tunapima nyuma. Hukumu hiyo mara nyingi inaumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

Habari ya mama mmoja

Mume wake alikaa miezi minne kwenye machimbo ya dhahabu. Aliporudi, nyumba ilifurahi, kuku akachinjwa. Siku ya tatu bibi akaanza kwenda chooni mara kwa mara. Kila mara mkojo ulitoka kidogo tu, nao ulichoma kama pilipili. Mume akamwuliza, naye akasema kweli. Mume akajibu, "Hii ni sopisi. Mimi nilipokuwa mbali, nani alikuwa hapa?"

Jioni ile wazee wa jamaa waliitwa. Kesho yake mama alirudishwa kwa baba yake, na mume akadai mbuzi zake. Kule kwa baba yake, mama aliona haya kuja hospitali. Alinunua sokoni vidonge vinne vya amokisisilini, akameza viwili leo na viwili kesho. Akasikia nafuu. Baada ya siku chache homa ikampanda, akatetemeka kwa baridi, akaumwa mgongoni chini ya mbavu. Akaletwa kwetu juu ya pikipiki, ameshikwa na dada yake ili asianguke.

Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama, usiandike jina la ugonjwa kwenye karatasi. Baba atasoma."

Tulipima mkojo wake. Karatasi ya kupimia iligeuka rangi. Katika mikroskopi tuliona usaha na vidudu vingi vyenye umbo la fimbo fupi. Tulitafuta kisonono, hatukukiona. Ugonjwa ulikuwa umeanza katika kibofu na kupanda mpaka katika figo. Na vidudu vile havikutoka kwa mwanaume mwingine. Vilitoka katika matumbo yake mwenyewe.

Vidudu vya matumbo ni nini?

Ndani ya matumbo ya kila mtu kuna vidudu vidogo sana ambavyo macho hayawezi kuviona. Hesabu yake inapita hesabu ya watu wote wa dunia. Munganga anavyo, pasta anavyo, mtoto wa siku chache amekwisha kuvipata. Usiogope. Vingi havina ubaya, na vingine vinatusaidia: vinalinda matumbo ili vidudu vibaya visipate nafasi, na vinatengeneza vitamini fulani za mwili.

Kimoja kati yao kinaitwa kolibasili. Munganga wa Ujerumani, Theodor Escherich, alieleza habari zake mwaka 1885, baada ya kukikuta katika mavi ya watoto wachanga. Kwa hiyo jambo hili si geni. Limejulikana zaidi ya miaka mia moja, lakini katika vijiji vyetu bado halijafika.

Mbuzi ndani ya zizi ni mali. Mbuzi yule yule akiingia katika shamba la mihogo ni hasara. Hakubadilika kuwa mnyama mwingine. Ameingia tu mahali pasipo pake. Ni vile vile na kolibasili. Ndani ya matumbo inakaa bila kumsumbua mtu. Ikiingia katika njia ya mkojo, inaleta ugonjwa. Katika wagonjwa 100 wenye ugonjwa wa kibofu wa kawaida, karibu 75 au zaidi wana kolibasili.

Kwa nini wanawake zaidi?

Watu wanasema, "Kama si uzinzi, kwa nini wanawake ndio wanaougua?" Jibu liko katika mwili jinsi ulivyoumbwa. Njia ya mkojo ya mwanaume ina urefu wa sentimeta 20 hivi. Ya mwanamke ina sentimeta 4 tu, nayo mlango wake uko karibu na mahali pa haja kubwa. Safari ya kidudu ni fupi. Karibu nusu ya wanawake wote wataupata ugonjwa huu walau mara moja katika maisha yao: msichana bikira, mama mwenye watoto, na bibi mzee mjane. Je, tutawahukumu wote?

Kidudu kikifika ndani ya kibofu, kinashika ukuta kwa nywele ndogo sana, kama mbegu zinavyoshika nguo ya mtu apitaye porini. Halafu kinazaa. Kikipata nafasi nzuri, kidudu kimoja kinakuwa viwili kwa dakika 20. Piga hesabu: baada ya saa tano, kimoja kimekuwa zaidi ya 32,000. Mkojo ni kama mto unaovifagia nje. Kwa hiyo mtu anayekunywa maji kidogo, au anayezuia mkojo kwa saa nyingi, anavipa nafasi ya kuzaa.

Sasa turudi kwa mume yule wa machimbo. Alisema, "Ugonjwa ulikuja niliporudi," naye alisema kweli. Lakini hakufahamu maana yake. Mume na bibi wanapolala pamoja, vidudu vilivyo juu ya ngozi ya mwanamke vinaweza kusukumwa ndani ya njia ya mkojo. Kwa sababu hii wanganga wanaona ugonjwa huu mara nyingi kwa maarusi wapya, na kwa wanawake ambao waume zao wametoka safari ndefu. Basi jambo ambalo mume aliliona kuwa ushahidi wa uzinzi lilikuwa tunda la kurudi kwake mwenyewe. Hakuna aliyekosa. Kilichokosekana ni ujuzi.

Jina linalotudanganya

Neno "sopisi" limetoka katika Kifaransa, nalo maana yake ni mkojo wa moto. Watu wanaliita hivyo kisonono. Hapo ndipo tunapopotea. Kila mkojo wenye moto tunauita sopisi, na kila sopisi tunaiita uzinzi. Lakini moto mmoja unaweza kuwashwa na mikono mingi. Kolibasili inachoma. Kisonono kinachoma pia, na mara nyingi kinatoa usaha. Bilharzia inaweza kuleta damu katika mkojo, nayo inapatikana kwa kuingia katika maji yenye vidudu vyake. Macho ya mume hayawezi kuyatenga haya. Ulimi wa mama mkwe hauwezi. Mfumu naye hawezi. Mkojo wenyewe ukipimwa ndio unaosema.

Na sisi wauguzi tusijitoe katika lawama. Nimeona vituo ambapo mwanamke anasema, "Mkojo unachoma," na muuguzi anaandika sopisi bila kumtuma apimwe, tena anamwambia kwa sauti mbele ya watu, "Mlete mume wako." Kwa neno lile moja amevunja nyumba ya mtu. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipokuwa kijana katika kazi hii. Sijui ni mama wangapi walilia nyumbani kwa sababu ya kalamu yangu.

Kama kipimo kikionyesha kisonono, basi mume na bibi watibiwe wote wawili pamoja. Hata hapo ngumi haitibu mtu, na mara nyingi aliyeuleta ugonjwa nyumbani ndiye anayesema kwa sauti kubwa.

Vidonge vya sokoni

Jambo la pili linalonihuzunisha ni vidonge viwili viwili. Mtu anayeona haya haji hospitali. Anakwenda kwa mwuzaji, anasema kwa sauti ndogo, anapewa vidonge vichache vya rangi mbili. Maumivu yanapungua, anaacha.

Tafadhali fahamu hatari yake. Kidonge ulichomeza hakiendi katika kibofu peke yake. Kinapita katika matumbo, kule kwenye vidudu vyote. Vilivyo dhaifu vinakufa. Vyenye nguvu vinabaki, navyo vinazaa wenye nguvu kama wao. Mara nyingine, vidudu vya matumbo vikipanda tena katika kibofu, vitakavyopanda ni hivi ambavyo dawa ile haiviwezi. Mama yule wa habari yetu hakupona kwa dawa ya kwanza tuliyompa. Ilitupasa kubadili.

Jambo hili si dogo. Katika mwaka 2019, watu wapatao 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya vidudu ambavyo dawa zilishindwa kuviua, na kolibasili ilikuwa ya kwanza katika hesabu ya vidudu hivyo. Kila mara tunapomeza nusu ya dawa au dawa isiyo yake, tunaongeza mlima huu.

Mashauri

1. Kunywa maji safi ya kutosha kila siku. Katika mwaka 2018 wanganga walitangaza habari za wanawake 140 wa Bulgaria waliougua mara kwa mara na waliozoea kunywa kidogo. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku. Baada ya mwaka mmoja, hao waliugua karibu nusu tu ya mara ambazo wenzao waliugua.

2. Usizuie mkojo. Kojoa pia baada ya mume na bibi kulala pamoja.

3. Ukitoka haja kubwa, jipanguse toka mbele kwenda nyuma. Wafundishe wasichana wadogo hivyo.

4. Jioshe kwa maji nje tu. Usiingize ndani sabuni, ndimu, shabu wala majani ya dawa. Ndani ya mwanamke kuna vidudu vizuri vinavyolinda mlango; ukiviua, umefukuza walinzi wako.

5. Ukisikia kuchoma, njoo upimwe. Kojoa kidogo chini kwanza, halafu kinga mkojo wa katikati katika chombo safi. Maliza dawa zote kama ulivyoambiwa.

6. Ukiwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya mgongo chini ya mbavu, usingoje. Njoo siku ile ile. Mtoto mdogo, mwanaume, na mama mwenye mimba wasingoje pia.

7. Mama mwenye mimba apimwe mkojo hata kama hasikii maumivu. Katika wamama 100 wenye mimba, kati ya 2 na 10 wana vidudu katika mkojo bila kujua. Wasipotibiwa, figo zinaweza kuugua, na mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Neno kwa wazee

Wazee, mnaweza kufanya mambo mawili ambayo sisi wa hospitali hatuwezi. La kwanza ni choo. Wamama wanakaa sokoni tangu asubuhi mpaka jioni, wasichana wanakaa shuleni siku nzima, na mara nyingi hakuna choo chenye mlango. Kwa hiyo hawanywi maji, na wanazuia mkojo. Tunawahukumu kwa ugonjwa ambao sisi wenyewe tumewatengenezea njia. Choo cha sokoni chenye mlango na maji ya kunawa ni dawa pia.

La pili ni hukumu. Mume akija kwenu na kusema, "Bibi yangu ana sopisi, nataka kumrudisha," mwulizeni kwanza, "Mkojo umepimwa?" Kama haujapimwa, kikao kisianze. Mnadai mashahidi kwa habari ya mpaka wa shamba. Je, mwanamke si zaidi ya shamba?

Mama yule alikaa kwetu siku nane, akapona. Tulimwita mume, tukamweleza kama nilivyoeleza hapa. Alikaa kimya muda mrefu. Kiisha akauliza, "Hata mimi ninavyo vidudu hivi?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, hata mimi." Alikwenda kumtwaa bibi yake kwa baba mkwe, naye akatoa mbuzi mmoja wa kufuta maneno. Wanakaa pamoja mpaka leo.

Lakini siku moja mama aliniambia, "Ugonjwa ulikwisha kwa siku nane. Yale maneno jirani wanayasema bado." Hospitali ina dawa ya kolibasili. Dawa ya maneno hayo haimo katika kabati letu. Basi ni afadhali yasisemwe.